Akihabara: Mtaa wa Tokyo unaozipa redio za wazee kazi mpya

Kutoka stesheni kuu ya Tokyo hadi Akihabara ni vituo viwili tu vya treni. Mgeni akishuka, afuate mlango unaoitwa Denkigai, maana yake mtaa wa umeme. Nje atapokewa na maghorofa yaliyofunikwa picha za katuni kutoka chini hadi juu, wasichana wanaogawa vipeperushi vya migahawa, na milio ya michezo ya kompyuta. Wageni wengi, hasa waliofika na watoto, huishia hapo hapo.

Lakini hatua chache kutoka mlango huo, chini ya reli ya juu ya treni za Sobu, kuna uchochoro wa aina nyingine. Hapo ndipo ilipo Radio Center, soko la ghorofa mbili lenye njia nyembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana, mmoja hana budi kujibanza. Kila kibanda kina bidhaa zake: huyu anauza swichi, yule waya kwa mita, mwingine taa ndogondogo, mwingine vifundo vya kuongezea sauti. Muuzaji hukaa katikati, amezungukwa na vidroo, na mkono wake hufika karibu kila pembe ya duka bila yeye kusimama.

Soko hilo lina somo kwa familia nyingi za Afrika Mashariki. Katika sebule na stoo za Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Unguja na Bujumbura bado zimo redio kubwa za Kijapani zilizonunuliwa na baba au babu miaka ya 1970 na 1980. Zina uso wa bati linalong'aa, kioo chenye namba za stesheni na kifundo kizito cha kutafutia mawimbi. Kaseti zake zimeisha, santuri zimekwaruzika, na televisheni mpya ya ukutani haina tundu linalofanana na lolote lililo nyuma ya redio hiyo. Mnunuzi wa chuma chakavu anapopita na mizani yake, familia huona ndio mwisho wake.

Akihabara wanaliona jambo hilo vingine. Kwao redio ya namna hiyo mara nyingi haijafa. Imekosa tu mlango wa kuingizia sauti za leo.

Soko lililoanzia barabarani

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, sehemu kubwa ya Tokyo ilikuwa majivu. Watu walihitaji chakula, lakini walihitaji pia habari, na habari zilikuja kwa redio. Katika eneo la Kanda, karibu na Akihabara, wachuuzi walianza kupanga barabarani vipuri vya redio, vingi vikiwa mabaki ya vifaa vya jeshi. Jirani kulikuwa na shule ya uhandisi wa umeme. Wanafunzi wake walinunua vipuri hivyo, wakaunda redio kwa mikono yao na kuziuza ili wapate karo na chakula.

Mwaka 1949 utawala wa kijeshi uliokuwa ukiisimamia Japani, ukiongozwa na Marekani, uliagiza wachuuzi waondolewe barabarani. Wauza vipuri hawakukubali kutawanyika. Waliomba mahali pa kufanyia biashara na wakapewa nafasi chini ya reli ya Akihabara. Vibanda vya Radio Center ni matunda ya kuhama huko, na ndiyo sababu ni vidogo hivyo: kila mmoja alipata nafasi inayokaribia meza aliyokuwa nayo barabarani.

Kutokana na historia hiyo, mtaa huu ulijengwa juu ya fikra moja. Kifaa ni mkusanyiko wa vipuri, na kipuri kimoja kikifa, kinabadilishwa hicho kimoja. Fundi redio wa Kariakoo au wa River Road jijini Nairobi angeingia hapa na kujisikia yuko nyumbani, hata kama hajui neno la Kijapani.

Redio zilizotengenezwa kwa ajili ya wageni

Kifaa kinachozungumziwa hapa wataalamu hukiita risiva. Ni boksi moja lenye redio na amplifaya ndani yake. Spika huwa pembeni, santuri na deki ya kaseti huunganishwa nyuma. Majina yake wazazi wengi wanayakumbuka: Pioneer, Sansui, Marantz, Kenwood. Marantz ilianza New York, lakini kufikia miaka ya 1970 risiva zake nyingi zilikuwa zikiundwa Japani.

Jambo la ajabu ni kwamba Wajapani wenyewe hawakuzipenda sana risiva kubwa. Walipenda kununua redio peke yake na amplifaya peke yake, kisha kuviunganisha. Risiva nyingi zilitengenezwa kwa soko la nje, hasa Marekani. Askari wa Marekani waliokuwa Asia wakati wa vita vya Vietnam walizinunua kwa bei nafuu katika maduka ya jeshi na kurudi nazo kwao.

Mwaka 1974 Marekani ilitunga kanuni ya kuwabana watengenezaji waliokuwa wakitia chumvi kwenye idadi ya wati. Kuanzia hapo kila kampuni ililazimika kutangaza nguvu iliyopimwa kwa utaratibu mmoja, na mashindano ya kweli yakaanza. Kilele chake kilikuwa risiva kama Pioneer SX-1980 ya mwaka 1978: wati 270 kwa kila spika na uzito wa takriban kilo 35. Uzito huo unatokana kwa kiasi kikubwa na transfoma kubwa na mabati manene yanayopoza moto. Hiyo ndiyo sababu risiva nyingi za wakati ule, zikiwemo za wati 20 au 30 tu, bado zinaweza kufanya kazi baada ya nusu karne.

Hata hivyo hakuna aliyezitengeneza akifikiria intaneti. Tanzania Bara haikuwa hata na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Mtu akizungusha risiva kutazama mgongo wake, atakuta maneno yaleyale: PHONO, AUX, TAPE. Hakuna palipoandikwa simu wala televisheni.

Mlango upo, una jina la zamani

Kinachowashangaza wageni wanaoulizia Akihabara ni jinsi suluhisho lilivyo dogo. Tundu la AUX halijali sauti inatoka wapi. Lilitengenezwa kupokea sauti ya kiwango cha kawaida kutoka kifaa chochote, na kiwango hicho hakijabadilika sana hadi leo. Simu ikitoa sauti kwa waya wenye pini ndogo upande mmoja na vichwa viwili, chekundu na cheupe, upande wa pili, risiva ya mwaka 1975 itaipokea bila kuuliza.

Tundu la TAPE, upande ulioandikwa PLAY au IN, hufanya kazi hiyo hiyo. La kuepukwa ni PHONO. Hilo ni la santuri peke yake; hukuza sauti mara nyingi zaidi na kubadilisha uzito wa besi. Simu ikichomekwa hapo, sauti hutoka imepasuka, na watu husema redio ni mbovu.

Asiyetaka waya kutoka kwenye simu hununua kisanduku cha Bluetooth. Kinaweza kuwa kidogo kuliko kiberiti kikubwa cha jikoni, na kinaunganishwa AUX kwa waya mwekundu na mweupe. Baada ya hapo kila simu ya nyumbani inaweza kutuma muziki kwenye spika za babu. Hatua ya juu yake ni kisanduku cha Wi-Fi. Hicho huchukua muziki moja kwa moja kutoka intaneti, simu ikabaki kuwa rimoti tu, na mtu akipigiwa simu, wimbo haukatiki. Katika duka la Akizuki Denshi, maarufu kwa vipuri vya wapenda ufundi, hupatikana pia vibodi vidogo vya kompyuta ambavyo vijana huvigeuza kuwa visanduku vya muziki kwa mikono yao.

Hapo redio ya zamani huanza kufanya mambo ambayo haikuwahi kuyafanya ilipokuwa mpya. Nyimbo za NUTA Jazz na za Mbaraka Mwinshehe, ambazo zamani zilisubiriwa hadi Radio Tanzania izipige, sasa zimo mtandaoni. Babu akizitaja, mjukuu anazitafuta, na zinatoka kwenye spika zilezile zilizozipiga mara ya kwanza.

Televisheni inayoongea kwa sauti ndogo

Mzazi mwenye televisheni bapa anaijua shida hii. Picha ni kubwa, sauti ni nyembamba. Spika zake ni ndogo na mara nyingi zimeelekezwa chini au nyuma, ukutani. Kwenye taarifa ya habari bibi huuliza kila baada ya sentensi, "Amesema nini?" Mwingine huongeza sauti, chumba kizima kinapiga kelele, na maneno bado hayasikiki vizuri.

Watu wengi hukimbilia kununua sabufa mpya. Kumbe risiva iliyo stooni ina uwezo wa kuifanya kazi hiyo vizuri, na njia za kuiunganisha ni tatu.

Njia ya kwanza ni king'amuzi. Ving'amuzi vingi nyuma vina matundu mekundu na meupe ya sauti. Waya mmoja kutoka hapo hadi AUX unatosha kwa anayetazama kwa king'amuzi peke yake.

Njia ya pili ni tundu la earphone la televisheni, kama lipo. Faida yake ni kwamba rimoti ya televisheni kwa kawaida huendelea kupandisha na kushusha sauti. Kwa nyumba yenye mzee asiyependa kuinuka, hilo si jambo dogo.

Njia ya tatu ndiyo inayopendwa na mafundi. Televisheni nyingi za kisasa zina tundu lililoandikwa OPTICAL. Hapo sauti haitoki kwa umeme bali kwa mwanga, ikipita kwenye waya mwembamba wa plastiki. Ni uvumbuzi wa Kijapani: kampuni ya Toshiba iliuleta mwaka 1983. Kwa kuwa risiva ya zamani haielewi lugha ya mwanga, katikati huwekwa kisanduku cha kugeuza, kinachouzwa kwa jina la DAC. Mwanga unaingia upande mmoja, sauti inatoka upande wa pili kwa waya mwekundu na mweupe. Kwa kuwa hakuna umeme unaopita kati ya televisheni na redio, ule mvumo wa chini unaowasumbua wengi kwa kawaida huondoka.

Kuna kifundo kimoja cha mwisho. Televisheni inaweza kuwa inatuma sauti ya mtindo wa sinema, ambayo kisanduku cha bei nafuu hakiielewi. Matokeo yake ni ukimya au mikwaruzo. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya sauti ya televisheni na kuchagua PCM. Watu wengi wamerudisha visanduku dukani kumbe shida ilikuwa neno hilo moja.

Na Bluetooth kwa televisheni? Kwa muziki haina neno, lakini kwa picha huchelewesha sauti kwa sehemu ya sekunde. Midomo ya mtangazaji hufunga kabla neno halijasikika. Kwa televisheni, waya bado ni bora.

Mtego wa volti 100

Mgeni kutoka Afrika Mashariki anapozunguka maduka ya mitumba ya Akihabara, moyo huenda mbio. Risiva na amplifaya zimepangwa kwenye rafu, zimefutwa vumbi, nyingine zimefanyiwa matengenezo na zina dhamana. Kabla ya kutoa pochi, ageuze kifaa asome bati la nyuma.

Umeme wa nyumbani Japani ni volti 100. Wa Tanzania ni 230, wa Kenya 240. Redio ya soko la Japani ikichomekwa ukutani Dar es Salaam, inapokea zaidi ya mara mbili ya chakula chake. Ikiwa na bahati, fyuzi itakatika. Isipokuwa na bahati, transfoma itaungua, na transfoma ya redio ya mwaka 1976 haipatikani dukani. Kosa la sekunde moja humaliza kifaa kilichodumu miaka 50.

Kuna aina mbili za kutafuta. Moja ni zile zilizotengenezwa kwa ajili ya nje, ambazo nyingi nyuma zina kizibo cha kuchagulia volti, kuanzia 110 hadi 240. Kizibo hicho kitazamwe kabla ya kuchomeka, siyo baada. Ya pili ni za volti 100, ambazo zinahitaji transfoma ya kushusha umeme, na transfoma hiyo lazima iwe na uwezo mkubwa kuliko wati zilizoandikwa nyuma ya redio. Madukani hapa kuna transfoma nyingi, lakini ni nzito, na nauli ya mizigo ya ndege haina huruma.

Mtego wa pili wenye magari ya Kijapani wanaujua tayari. Stesheni za FM za Japani huanzia namba 76, na redio za zamani za nchini humo huishia 90. Kwetu stesheni nyingi ziko kati ya 88 na 108. Redio ya mtumba kutoka Tokyo itakamata stesheni moja mbili tu, kama ile ya kwenye gari kabla haijawekewa kifaa cha kubadilisha mawimbi. Hapa ndipo kile kisanduku cha intaneti kinapookoa tena: stesheni nyingi za nyumbani zinasikika mtandaoni, zikaingia kwa AUX, na namba za kioo cha mbele zikabaki kuwa pambo.

Kwa risiva iliyonunuliwa zamani Dar es Salaam au Mombasa, au iliyoletwa na ndugu kutoka Muscat au Dubai, mitego hii miwili mara nyingi haipo. Hiyo ni sababu nyingine ya kutazama stooni kwanza kabla ya kuagiza.

Redio inayosemekana mbovu

Maduka ya mitumba Japani yana kona ya vitu vinavyoitwa janku: havijapimwa, havina dhamana, bei ni ya kutupa. Katika maduka ya Hard Off, yaliyoenea nchi nzima, kona hiyo huvuta wazee na vijana wanaopenda ufundi. Wanachokijua wao ni kwamba baadhi ya vifaa hivyo havina ubovu mkubwa.

Sababu ya kwanza ya ukimya ni kitufe cha TAPE MONITOR. Kikiwa kimebonyezwa, redio inasubiri sauti kutoka kwenye deki ya kaseti, na kama deki haipo, hakuna kinachosikika. Kukibonyeza tena ni matengenezo ya bure.

Sababu ya pili ni vipande viwili vya chuma vyenye umbo la herufi U, vinavyounganisha matundu ya PRE OUT na MAIN IN nyuma ya baadhi ya risiva. Vikichomolewa na kupotea, amplifaya inatengana na redio yake, na spika zinanyamaza. Waya mfupi mwekundu na mweupe unaweza kuchukua nafasi yake.

Sababu ya tatu ni vumbi na kutu kwenye vifundo. Sauti inakwaruza ukizungusha, au spika moja inapotea. Kwa nyumba za pwani, chumvi ya hewa ya bahari huongeza tatizo hili. Fundi hupuliza dawa maalumu ya kusafishia swichi za umeme, akazungusha kifundo mara nyingi, na mara nyingi sauti hurudi. Mafuta ya kulainishia bawaba za mlango siyo dawa hiyo.

Zaidi ya hapo ni kazi ya fundi, siyo ya mzazi mwenye bisibisi. Kapasita za zamani hukauka, na zile kubwa huhifadhi umeme hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Mtoto asiachwe karibu na redio iliyofunguliwa kifuniko, na mtu mzima asitie kidole ndani kwa kuwa tu imezimwa.

Kwa redio iliyokaa miaka bila kuwashwa, mafundi wana ujanja wa zamani. Hawaichomeki moja kwa moja. Huunganisha balbu ya kizamani, ile ya waya wa ndani unaowaka, ili umeme upite kwenye balbu kwanza. Balbu ikiwaka kidogo kisha ikafifia, ni dalili njema. Ikiwaka kwa nguvu na kuendelea hivyo, ndani kuna hitilafu, na kwa kuwa balbu imeubana umeme, redio inapata nafasi ya kupona. Fundi anayefanya hivyo bila kuambiwa ni wa kuaminiwa.

Jambo la mwisho liko kwenye sebule zetu. Kile kitambaa cheupe cha kufuma kinachotandikwa juu ya redio, na ua la plastiki juu yake, huziba matundu ya kutolea joto. Kitambaa kihamie kwenye meza.

Mtaa uliopigania vitu vya zamani

Isidhaniwe kwamba vifaa hivi vimedumu Japani kwa bahati tu. Serikali ilipotaka kwamba kuanzia Aprili 2006 vifaa vingi vya umeme visivyo na alama mpya ya usalama visiuzwe tena, hata vya mtumba, maduka ya redio na ala za muziki yalijikuta yamesimama ukingoni. Amplifaya na vinanda vya umeme vya miaka ya 1970 haviwezi kuwa na alama iliyobuniwa miaka 30 baadaye. Wauzaji na wanamuziki walipinga, akiwemo mtunzi mashuhuri Ryuichi Sakamoto, wakakusanya saini. Serikali ililegeza kamba kwa vifaa vya zamani vyenye thamani, na mwaka 2007 sheria ikarekebishwa.

Ushindi huo haukuuzuia mtaa kubadilika. Radio Store, jirani wa Radio Center tangu enzi za kuhama kutoka barabarani, ilifungwa mwaka 2013. Radio Kaikan, jengo maarufu lililo mbele ya stesheni, lilibomolewa na kujengwa upya mwaka 2014. Jina la redio limebaki juu ya mlango, lakini ndani wateja wanapanga foleni kununua sanamu za katuni. Duka kubwa la Yodobashi, lililofunguliwa upande wa pili wa stesheni mwaka 2005, linauza kila kitu kipya kwenye ghorofa zenye hewa safi. Wanaokaa kwenye vibanda vya chini ya reli wengi wana mvi.

Familia inayofika Tokyo ikitaka kuuona mtaa huu vizuri, Jumapili mchana ni wakati mzuri. Kwa saa kadhaa barabara kuu ya Chuo-dori hufungwa kwa magari na watoto wanatembea katikati yake. Wapewe picha zao za katuni kwanza, kisha wapitishwe kwenye vichochoro vya Radio Center na vya Tokyo Radio Depart, jengo la vipuri lililo karibu, waone kwamba kuna watu wazima wanaoishi kwa kuuza skrubu na taa ndogo za redio. Kwa kuwa baadhi ya vibanda hufungwa Jumapili, anayekwenda kununua achague siku ya kazi.

Kwa asiyesafiri

Mzazi aliye Mwanza au Kisumu hahitaji tiketi ya ndege. Waya mwekundu na mweupe, visanduku vya Bluetooth na vya kugeuza mwanga vinapatikana kwenye mitaa ya vifaa vya umeme ya miji yetu mikubwa, na fundi redio mwenye umri mkubwa bado yupo mahali fulani, ingawa siku hizi anatengeneza zaidi sabufa na feni.

Kinachopatikana siyo sauti nzuri peke yake. Katika nyumba nyingi leo kila mtoto ana earphone zake, mama anasikiliza mahubiri au kaswida kwenye simu yake, baba mpira kwenye yake, na sebule ipo kimya ingawa watu watano wamekaa ndani yake. Redio moja kubwa huwalazimisha kukubaliana nini kisikilizwe, na nani ashushe sauti wakati bibi anasali. Mabishano hayo nayo ni malezi.

Kwa hiyo kabla mwenye mizani hajaita hodi, risiva ya babu itolewe stooni, ifutwe vumbi na kugeuzwa mgongo. Yasomwe maandishi ya volti. Litafutwe tundu la AUX. Kitazamwe kitufe cha TAPE MONITOR. Kisha aitwe fundi mwenye balbu, na watoto wakae mbali kidogo lakini waone anavyofanya.